Shomoro Walipoogea Makala

Shomoro simpendi, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu tu nywele zimeingia mvi. Ndege gani huyu? Kuimba hajui, kujenga hajui, rangi yake ni ya uchafu uliofagiliwa, na bado anatembea uani kwa mtu kifua mbele, eti naye ni mwenye mji. Kwa mama yangu, kule Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, walijaa chini ya mabati tangu nikiwa msichana. Ukifungua dirisha asubuhi wanakupigia makelele, utadhani ni wewe uliyekwenda kulala kwao bila kukaribishwa.

Mbayuwayu nilikuwa nikiwaheshimu. Hao wanakuja na mvua, wanabeba tope kidogo kidogo mdomoni, wanalipaka kwenye pembe ya baraza mpaka kinatokea kikombe kizuri, laini ndani, imara nje. Kazi ya mafundi. Siku kikombe kinapokauka, shomoro huyo anaingia, anageuka, anatoa kichwa nje na kumtazama mwenye nyumba macho makavu. Kesho yake utakuta amekwisha kukijaza manyoya ya kuku, majani na nyuzi za cherehani zilizodondoka kwenye kitenge changu. Mbayuwayu wanazunguka hewani, wanalia, halafu wanakwenda kuanza upya kwa jirani. Nilikuwa nikichukua ufagio kuwafukuza hao wavamizi, na mama ananinyang'anya ufagio.

"Achia tundege twangu," anasema. "Tuko na ubaya gani?"

"Mama, beko banaiba nyumba ya benzabo!"

"Na weye unaikalaka mu nyumba ulijenga?"

Nami nilikuwa nimepanga chumba mjini, nashona nguo za watu. Mama ana ulimi huyo, msimwone mfupi.

Hua wake pia walikuwa wakionewa. Kila asubuhi anamwaga pumba za mahindi uani, na hua wale wa kijivu wanashuka, wanadonoa taratibu, wanapishana kwa adabu. Shomoro wanatua katikati yao kwa fujo, wanasukumana, wanagombana wenyewe kwa wenyewe juu ya punje ambayo hakuna aliyeiona, na pumba zimekwisha. Waliyemwogopa ni kunguru peke yake, na kunguru Kapata anaogopwa hata na mbwa.

Mama alikuwa na hoja yake. Anasema shomoro hakai mahali pasipo mtu. Nyumba ya mwisho ya safu yetu ilipobaki tupu, wenyewe wamehamia Lubumbashi, shomoro wake wote waliondoka, mabati yakabaki kimya. Kwa mama huo ni upendo. Kwangu mimi ni uvivu: hakuna makombo ya bukari, ugali wetu, ya kuokota, hakuna shomoro.

Nyumba yenyewe ni ya kampani, kama zote za safu ile. Babu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, baba akafanya kazi kiwandani mpaka kifua kikakataa. Alipostaafu, kampani ikamwachia nyumba aliyokwisha kuichakaza kwa kukaa humo maisha yake yote, ikajiona imempa zawadi. Baba alifia humo. Mama hana shamba, hana duka, hana ndugu wa kumkimbilia. Ana kuta zile na mabati yale. Nawaambia hivi ili mjue nilikuwa nagombania nini kiangazi kile, maana wengine mpaka leo wanasema nilikuwa mkorofi tu.

Mdogo wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikuwa akichimba shaba na kobalti mashimoni, mahali paitwapo Mashamba, pamoja na vijana wengine, kila mmoja na tochi yake kichwani na kamba yake. Kiangazi kile udongo uliwaangukia wenzake ndani ya shimo, wakafia humo. Yeye alikuwa nje, ni zamu yake ya kuvuta mifuko. Alirudi kwa mama akakaa kwenye benchi la baraza siku nyingi. Anakula, anaangalia viatu vyake, analala. Halafu akaanza kupona, na kupona kwake kulikuwa kubaya kuliko ugonjwa: akaanza kuzungumzia kurudi. Kila nilipokwenda Jumapili baada ya misa nilimkuta anakunjua ile kamba, anaikunja tena.

Sasa, kwenye parsele yetu, yaani kiwanja, nyuma ya jiko la mama kulikuwa na kipande cha ardhi nyeusi. Ardhi yote ya Kapata ni nyekundu, mnaijua, inaingia mpaka kwenye meno. Pale tu ndipo peusi. Kiangazi, vumbi lilipokauka vizuri, shomoro wote wa nyumba walikuwa wakishuka pale kuoga. Wanajichimbia vishimo, wanatanua mabawa, wanajirushia vumbi mgongoni, wanatoka weusi, wanajikung'uta, wanaringa. Kuku akijaribu kuoga pale wanamdonoa miguu.

Jirani yetu akawaona. Huyu ni tata mmoja, ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, mstaafu, alikuwa dereva. Zamani aliwaendesha porini wataalamu wa mawe, akawa anawangoja garini huku wao wanazunguka na nyundo zao. Kwa kungoja huko akajihesabu mmoja wao. Kila mtu wa huku anajua kwamba penye shaba nyingi miti haikubali, kinaota kiua fulani kidogo, na wazee wa kale walikifuata hicho kiua wakapata shaba. Hiyo ni kweli, sibishi. Tata akaichukua hiyo kweli akaipeleka mahali ambapo haikuomba kupelekwa.

"Kama maua inaonyesha shaba," akamwambia mdogo wangu, "ndege itashindwa juu ya nini kuonyesha kobalti? Angalia! Parsele yote ni mukubwa vile, bilichagua pale tu. Na udongo ni mweusi. Kobalti njo mweusi!"

Mdogo wangu akainuka kwenye benchi. Ndiyo mara ya kwanza alikuwa ameinuka kwa kitu kingine kisichokuwa bukari.

Wakajaza udongo kwenye mfuko, wakaupeleka depo, kwa wanunuzi wa mali. Mali ndivyo wachimbaji wanavyoita mawe ya shaba na kobalti. Kule wana kimashine cha kushika mkononi, wanakielekeza kwenye mfuko, kinasema humo ndani mna nini na kiasi gani. Kimashine kikasema hamna kitu. Si kidogo: hamna kabisa.

Mtu wa mahali pengine angerudi nyumbani akanawa mikono. Sisi siyo watu wa mahali pengine. Hapa Kolwezi kila mchimbaji ananyonya na maziwa ya mama yake kwamba kimashine cha depo kinadanganya. Wakikuambia mali yako ni dhaifu, ujue ni nzuri. Wakikuambia ni nzuri, ujue ni ya ajabu, na wewe umekwisha kuibiwa. Na sikatai kwamba wanaibiwa, nimewaona wanavyorudi. Lakini sasa kimashine kimesema hamna kitu, na wale wawili wakarudi Kapata mbio, macho yanawaka.

"Bamekatala kabisa!" tata akapaza sauti tangu barabarani. "Mi sijaonaka vile. Kama bamekatala kabisa, ni mali mukali sana. Banataka tuache, bakuye benyewe kununua parsele!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaona mdogo wangu amekwisha kuchukua sururu, kicheko kikanikauka.

"Weye mupumbavu," nikamwambia, "ile ni makala! Makala ya mama!"

Na ndivyo ilivyokuwa, wala halikuwa fumbo. Miaka ile mdogo wangu alipopelekwa Kisenge kukaa kwa baba yetu mdogo, na tata bado yuko porini na wataalamu wake, mama alikuwa akiuza makala, yaani makaa ya kupikia. Mimi mwenyewe nilikuwa nikimsaidia kushusha magunia. Anapanga mafungu mbele ya nyumba, na yale mavumbi yanayobaki chini ya gunia, ambayo hata mbabula, jiko la makaa, haiyataki, alikuwa akiyamwaga nyuma ya jiko. Gunia baada ya gunia, mpaka pakawa peusi vile. Nilimweleza mdogo wangu yote hayo nimeshika kiuno. Akanisikiliza, kisha akamgeukia mama, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni.

"Mama, ni kweli? Ulimwangaka makala hapa?"

Mama hakuinua macho.

"Sijue, mutoto wangu. Ni zamani."

Mama! Mama anayekumbuka ni nani alivaa kitenge gani kwenye harusi ya nani na nani alikula nyama mara mbili! Mama ambaye ukimkopesha sindano anakukumbusha ulimpa ikiwa na uzi au haina! Eti hajui. Nikamkazia macho, naye anavuta majani ya sombe moja moja, ametulia kabisa. Tata akaniangalia kwa huruma, ile huruma ya mtaalamu kwa mshona nguo, akasema yaya asikasirikie mali ya ndugu yake. Yaya ni dada mkubwa kwetu, na siku hiyo alilitamka neno hilo kana kwamba ni jina la ugonjwa.

Wakaanza kuchimba.

Sasa shomoro wakapata cheo. Watoto wa safu nzima wakakatazwa kushika manati. Tata, ambaye zamani alikuwa akimfokea mkewe kwa kuchelewesha chakula, akawa anatoka na wali wa sahani yake mwenyewe kuwatupia. Wanawake waliokuja kuteka maji walikuwa wakipunguza sauti, wasije wakawashtua wakahamia parsele nyingine pamoja na siri yao. Na wale ndege walivyo, wakayapokea yote kama haki yao. Wakanenepa. Wakawafukuza hua kabisa uani, wakaingia mpaka jikoni, nikamkuta mmoja amesimama kwenye ukingo wa sufuria ya mama, anachungulia. Nikampiga na kitambaa. Tata akanikemea mimi! Mimi, kwenye nyumba ya baba yangu, nakemewa kwa ajili ya shomoro.

Ule weusi ulikwisha upesi, kama nilivyojua. Chini yake kukatokea udongo mwekundu, na chini ya mwekundu mwekundu mwingine. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Tata akaeleza kwamba mali inakimbia, ukiifuata wima inakuponyoka, lazima uikate njia kwa pembeni. Upande upi? Akaangalia shomoro. Shomoro walikuwa wamekaa juu ya paa la jiko, maana ndipo wanapokaa tangu zamani. Basi mdogo wangu akageuza shimo, akaanza kuingia chini ya jiko.

Hapo sikucheka tena. Jumapili iliyofuata nilikuta ufa umetoka chini ya dirisha la jiko, umepanda mpaka kwenye mabati. Jumapili nyingine ufa ulikuwa umegeuka kona, unaelekea chumba alichofia baba. Mlango wa jiko haukufungika tena. Jioni mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Dilolo, joto limeshika, na kila mtu anajua mvua ya kwanza ya kwetu inavyopiga. Shimo wazi, ukuta umetobolewa chini, mvua inaingia: hakuna haja ya mtaalamu.

Nikaenda kwenye mdomo wa shimo nikapiga kelele. Nilimwita mdogo wangu majina ambayo sitayaandika, maana bado naenda komunyo. Akajibu kutoka chini, sauti imejaa udongo lakini ina furaha, ndiyo, furaha: "Yaya, yabakia kidogo!" Tata akasema nisilete mikosi. Nikamwambia tata kwamba nikimsikia tena atajikuta yeye ndani ya shimo na sururu juu yake. Akaenda kwake haraka kuliko nilivyodhani anaweza.

Kisha nikaingia jikoni kwa mama. Alikuwa anasonga bukari, na vumbi la ule ufa lilikuwa linadondoka nyuma yake. Nikamwambia: "Mama, utaniambia leo. Juu ya nini ulidanganya, ulisema bongo? Unajua ni makala. Nyumba itaanguka. Utalala wapi? Kwangu chumba ni kimoja, na mashine iko ndani. Sema neno moja tu ataacha. Weye tu njo anasikia!"

Aliendelea kusonga. Mama hasongi bukari nusu, hata dunia ikiisha. Alipomaliza akafunika sufuria, akajifuta mikono, akanionyesha dirishani. Kamba ya mdogo wangu ilikuwa imefungwa kwenye mti wa mapera, inatingishika kidogo kidogo.

"Ile kamba naiona," akasema. "Nikipika naiona. Nikifua naiona. Ikisimama namwita, anaitika. Kule Mashamba alikuwa anatoka asubui, na mi nakaa hapa sijue kama eko muzima ao bamekwisha kumufunika. Ile siku ya benzake, nilikaa mpaka jioni, nangoja bantu bakuye kuniambia. Nimekwambia? Sikukwambia. Nikisema ni makala, kesho anabeba kamba, anarudia kule. Unajua."

Nilijua.

"Nyumba ni nyumba," akasema mama. "Ianguke."

Nilikaa kwenye kigoda. Niliwakasirikia wote: tata na elimu yake ya garini, mdogo wangu na furaha yake, mama na uongo wake wa kutulia, na zaidi wale ndege juu ya paa, wanapiga makelele bila kujua wameanzisha nini. Nilitaka nyumba isimame. Nilitaka na mdogo wangu asirudi kule. Na sikuona mtu mwingine pale mwenye akili ya kutosha kutaka yote mawili.

Nikalala kwa mama. Alfajiri, kabla tata hajatoka na sahani yake ya wali, nikachukua beseni. Ule udongo mweusi waliokuwa wameutupa pembeni nikauchota, nikaupeleka mwisho kabisa wa parsele, kwenye ua wa matete, mbali na kila ukuta. Nikaumwaga, nikautandaza, nikafagia juu yake ili uonekane umezaliwa pale. Beseni baada ya beseni, nimejifunga kitenge kiunoni, natukana kimoyomoyo. Mama alisimama mlangoni akaniangalia. Akarudi ndani, akatoka na pumba za mahindi, akanipa. Nikazitupa juu ya ule weusi.

Jua lilipopata nguvu wakaja. Bila shaka walikuja, hawana haya hao. Kwanza wakala, wakagombana, halafu wakajichimbia vishimo, wakaanza kuoga, mavumbi yanaruka.

Nikavuta pumzi, nikaita kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mwanamume yule:

"Tata! Tata, kuya uone! Tundege tumehama!"

Alitoka na miwani mkononi, shati halijafungwa vifungo. Aliangalia. Akachuchumaa, akashika udongo mweusi, akaunusa, akanitazama usoni, mimi mshona nguo, kwa heshima kubwa.

"Niliwaambia mali inakimbia!" akasema. "Imepita chini ya jiko, imetokea huku!"

Mdogo wangu akaja na sururu begani. Nikamwambia, kwa ukali ili asishangae, kwamba udongo wa shimo jipya autie katika la zamani, wote, aushindilie chini ya jiko la mama, ndiyo kazi ya watu wanaojua kazi. Tata akaunga mkono, akasema ndivyo hata wataalamu walivyokuwa wakifanya. Mdogo wangu akafungua kamba kwenye mpera, akaja kuifunga kwenye nguzo ya ua. Akapima mahali kwa mguu, shomoro wakaruka, wakatua hatua chache kando, wakamlaumu.

Kabla ya kupiga sururu ya kwanza akasimama, akanigeukia. Alikuwa anatabasamu, na sikuwa nimeona meno yake tangu wenzake walipofunikwa.

"Yaya," akasema, "na weye sasa unaamini?"

Mama alikuwa dirishani pa jiko, ameshika mwiko, anatuangalia.

"Naamini," nikasema. "Chimba."